Mvua ya Usambara, Mafuriko ya Vanga

Watu huenda Kwale Disemba, kaskazi ikivuma na bahari ya Diani ikiwa buluu. Mimi nilikwenda Mei, mwezi ambao Pwani hupata mvua nyingi kuliko miezi yote, na Diani niliiacha nyuma bila kuteremka garini. Kondakta wa matatu pale Likoni aliniuliza mara mbili kama kweli ninakwenda Vanga. Nilipomjibu mara ya pili alisukuma begi langu chini ya kiti, akanipa pole ya mapema.

Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga inatosha kumfundisha mtu majanga ya kaunti hii, mradi atazame nje na aiache simu. Ukishapita Ukunda, mito inaanza kukata lami mmoja baada ya mwingine, yote ikikimbilia baharini: Mukurumudzi kabla ya Msambweni, Ramisi penye miwa, kisha Mwena ukikaribia mpaka. Kiangazi waweza kuivuka yote usijue kwamba umevuka mto. Siku niliyopita mimi, Ramisi ulikuwa mwekundu kwa tope, na abiria, hata waliokuwa wamesinzia, waliinuka kidogo kuutazama. Dereva alipunguza mwendo darajani bila kuambiwa na mtu. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 bado zimo vichwani mwa watumiaji wa barabara hii.

Upande wa kulia, ukipanda kuelekea Mwereni, janga ni ukame. Upande wa kushoto, kuelekea mikokoni, janga ni maji yote ya mwaka kufika kwa siku moja. Haya mawili yanakaa ndani ya kaunti ndogo moja ya Lunga Lunga, na hayatendewi sawa. Ukame una mamlaka yake ya kitaifa, NDMA, yenye taarifa ya kila mwezi ya kila kaunti kame, Kwale ikiwemo: malisho yako vipi, mbuzi anauzwa kiasi gani, watu wanatembea umbali gani kuteka maji. Taarifa hiyo ina ngazi zake, tangu hali ya kawaida hadi dharura, na afisa wa Kwale anaweza kukuambia leo hii kaunti iko ngazi gani. Mfugaji wa Mwereni anaweza kulalamika kwamba msaada umechelewa. Hawezi kulalamika kwamba hakuna aliyekuwa akihesabu siku.

Nilishuka Lunga Lunga, nikapanda probox iliyojaa watu, kuku na gunia la unga. Ardhi inalala chini kadiri unavyokwenda. Minazi, miembe, kisha majaruba ya mpunga pande zote mbili, kisha harufu ya uduvi na ng'onda inakutangulia kabla hujauona mji.

Vanga ni mji wa mwisho wa Kenya upande huu, na si mji wa jana. Karibu nao ndiko ilikokuwa Vumba Kuu, makao ya kale ya madiwani wa Wavumba, na Kivumba bado kinazungumzwa hapa na kisiwani Wasini. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi za watu mwaka 1886, waliuchora mpaka kuanzia kwenye mlango wa mto Umba. Leo mitaani unakutana na Mvumba, Mdigo, Msegeju, na Mpemba aliyekuja na nyavu za ringi akaoa na kubaki. Nusu ya familia nilizozungumza nazo zina ndugu Tanga.

Umba unazaliwa milima ya Usambara, upande wa Lushoto, kwenye misitu yenye baridi ambako watu hulima kabichi na viazi. Unateremka, unapita nyika kavu ya upande wa Mkomazi, unavuka mpaka, unamwaga maji yake kwenye mikoko ya Vanga. Sehemu kubwa ya bonde lake iko Tanzania. Kwa hiyo mvua inayomzamisha mtu wa Kiwegu, kijiji jirani na Vanga, haimnyeshei yeye, na wala si mvua ya nchi yake. Jua linaweza kuwaka Vanga, uduvi ukaanikwa, na mto ukavunja kingo usiku uleule.

Mzee mmoja, nahodha mstaafu, alinieleza mambo hayo kibarazani kwake baada ya swala ya alasiri. Nilipompa shikamoo alinijibu marahaba, akanisogezea mkeka, kisha akaanza na bahari badala ya mto. Alikuwa na haki. Wakati wa maji mafu, kujaa na kupwa hakutofautiani sana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti hukaribia mita nne, na pwani hii bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Mzee hahitaji kitabu cha maji. Anajua leo ni mwezi ngapi, basi anajua bahari itakuwa wapi.

"Mto peke yake si adui," aliniambia. "Bahari peke yake pia si adui. Wakikutana saa kumi, mwezi kumi na tano, ndipo tunapopandisha watoto juu."

Ndivyo ilivyo. Maji ya Umba yakifika mlangoni na bamvua limejaa, yanakuta mlango umefungwa kwa ndani. Hayana pa kwenda ila pembeni: kwenye majaruba, kwenye visima, kwenye vyoo, kwenye vyumba vya watu. Hukaa hapo hadi bahari ipwe, na ikijaa tena huongezeka. Ukuta wa kuzuia bahari uliojengwa Vanga husaidia dhidi ya mawimbi, lakini ukuta wa mbele haumzuii mgeni aliyeingia kwa mlango wa uani.

Kesho yake nilikwenda upande wa Kiwegu kwa bodaboda, kisha kwa miguu pale kijana wa boda aliposema pikipiki yake haijui kuogelea. Nilipokewa na mama mmoja wa makamo, mkulima wa mpunga, aliyekuwa akipepeta mchele uani. Nilimwambia nimekuja kutazama watu wanavyojiandaa na mafuriko. Alicheka. "Ingia utazame, mwanangu. Hapa hatujiandai. Tunaishi hivi hivi."

Nyumba ni ya udongo, fito na boriti za mikoko, imeezekwa mabati upande mmoja na makuti upande wa pili. Ukutani, juu kidogo ya goti langu, kuna mstari wa rangi ya tope unaozunguka chumba kizima. Hajaupaka chokaa. Aliniambia amekusudia, maana mume wake akisafiri kwenda kuvua Pemba, watoto waangalie mstari ule na wajue kitu gani kinakaa chini yake na kitu gani kinakaa juu. Chini ya mstari hakukuwa na kitu ila miguu ya kitanda, nayo imesimamishwa juu ya matofali matatumatatu. Sufuria zinaning'inia. Unga uko juu. Viatu viko juu. Hata redio imefungwa kwa kamba kwenye boriti.

Juu ya vyumba viwili kuna uchaga wa fito zilizofungwa kwa kamba ya nazi, na ngazi fupi ya kupandia. Huo ndio moyo wa nyumba. Kuna mbegu za mpunga wa msimu ujao ndani ya madumu ya plastiki yaliyobanwa vizuri, kwa sababu mpunga uliolowa huota na mpunga ulioota haupandwi. Kuna mkaa kwenye gunia, jiko dogo, kiberiti ndani ya kopo la kahawa, mtungi wa lita 20 wa maji safi unaobadilishwa kila juma wakati wa masika, chandarua cha akiba. Chandarua nilikistaajabia. Akaniambia mafuriko yenyewe huua wachache, mbu wa baada yake ndiye muuaji. Kuna mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, ndani yake vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, na karatasi ya dawa za mkwewe anayeugua presha. Dawa zenyewe zimo humo pia, na huzitoa asubuhi na kuzirudisha.

Mpango wa nani anambeba nani ameuweka tangu mvua za 2019. Binti mkubwa humshika mdogo. Kijana wa kiume humbeba babu. Yeye mwenyewe hubaki nyuma kufungulia mbuzi, kwa sababu mbuzi aliyefungwa hufa na mbuzi aliyefunguliwa hujua kilima kilipo. Wakitoka hawapiti njia ya mkato ya majaruba, hata ikiwa karibu. Hupita kwenye tuta, hata ikiwa mbali, kwa kuwa kwenye maji ya tope huoni mfereji ulipo. Nimewahi kukaa kwenye semina za maafa hotelini, zenye chai na andazi, nisisikie mpango uliokamilika hivyo.

Pungufu alilionyesha mwenyewe: choo. Ni cha shimo, kiko hatua chache kutoka kisimani, na maji yakipanda vyote viwili huwa kitu kimoja. Hapo ndipo kipindupindu huingia. Kuinua choo kwa msingi wa saruji na kuzungushia kisima ukuta kunahitaji fedha ambayo mauzo ya mchele hayaiachi. Hutibu maji kwa dawa ya klorini anayopewa na wahudumu wa afya ya jamii, na akikosa huchemsha, na kuchemsha maana yake ni kuni, na kuni zimelowa. Nikiulizwa kaunti ianze wapi na fedha zake, nitasema ianze na vyoo vya Kiwegu.

Msomaji wa bara atauliza kwa nini hawahami. Swali hilo niliwahi kulisikia ofisini likitolewa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu. Wanakaa kwa sababu tope lile la Usambara linalochafua kuta ndilo linalolisha mpunga. Mwaka usio na mafuriko kabisa ni mwaka wa majaruba makavu. Mama yule alinionyesha shamba lake kwa fahari, na alipotaja vilima ambako watu wa serikali huwashauri wahamie, alitaja kwanza kwamba vina wenyewe.

Mikoko nayo ina sifa yake, ila isitwikwe mzigo usio wake. Vanga, Jimbo na Kiwegu zimeungana chini ya jumuiya ya msitu iitwayo VAJIKI, zinatunza zaidi ya hekta 400 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, zikifuata njia iliyofunguliwa Gazi na mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013 kwa msaada wa watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Nilipita na kijana wa jumuiya kati ya mililana na mikandaa, akinionyesha miche kama mtu aonyeshavyo wanawe. Msitu huu huvunja nguvu za mawimbi na kushika ufuo. Lakini hauwezi kuuambia mto usubiri. Na wenyewe hudhurika tope likizidi: mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifukia mizizi na kuua mikoko mingi ya hori la Mwache, magharibi ya Mombasa. Anayekata miti Usambara anaugusa mkoko wa Vanga, hata kama hajawahi kuiona bahari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikera safari nzima. Hatari itokayo baharini ina watangazaji. Tarehe 26 Disemba 2004, baada ya tetemeko la Sumatra, habari zilivuka bahari haraka kuliko mawimbi. Fukwe za Kenya ziliondolewa watu, maji nayo kwa bahati yalikuwa yamekupwa, akafariki mtu mmoja. Somalia, iliyopigwa kwa nguvu zaidi na ambako habari hazikutangulia, walifariki karibu watu 300. Vimbunga vikubwa huku ni nadra, kwa kuwa karibu na ikweta dunia haina nguvu ya kutosha ya kuusokota upepo. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872 ikapoteza mikarafuu yake, Lindi ikapigwa Aprili 1952. Hata hivyo, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia kisiwa cha Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya zilitoa tahadhari siku kadhaa kabla. Wavuvi wa Vanga walivuta vyombo nchi kavu. Mzee nahodha anakumbuka ujumbe ulioingia kwenye simu ya mjukuu wake.

Nikawauliza watu wa Vanga, na mto je? Nani huwaambia kwamba imenyesha Lushoto?

Watu walitazamana. Kisha mama mmoja mwenye genge la mboga karibu na stendi akasema ni yeye. Anaagiza kabichi na karoti kutoka kwa mfanyabiashara wa Lushoto, zinapitia mpakani Horohoro na kuingia Lunga Lunga. Mvua ikiwa kubwa kule juu, mfanyabiashara humpigia simu kumwambia mzigo utachelewa, barabara za mlimani zimeteleza. Mama huyo huhesabu siku, humpigia dada yake aliye Kiwegu, dada humwambia imamu, imamu hutangaza kwa kipaza sauti cha msikiti. Mara moja, aliniambia, walipata usiku mzima wa kujiandaa. Mara nyingine mfanyabiashara hakuwa na salio.

Hakuna mtu niliyezungumza naye aliyewahi kupata taarifa ya Umba kwa njia nyingine. Huko Bangladesh, baada ya kimbunga cha 1970 kuua mamia ya maelfu, nchi maskini kuliko Kenya ya leo iliunda jeshi la watu wa kujitolea wenye vipaza sauti na baiskeli, na vifo vikapungua mno katika miongo iliyofuata. Vanga ina kipaza sauti tayari. Ina imamu, ina dada, ina uchaga na mstari ukutani. Kinachokosekana ni simu ya kwanza.

Wa kuipiga wanajulikana. Upande wa Tanzania, Umba uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi. Upande wa Kenya kuna Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Nchi hizi mbili zilikwisha kukubaliana kwa maandishi kuhifadhi kwa pamoja maziwa ya Chala na Jipe pamoja na mto Umba. Kipimo cha kina cha maji kwenye daraja moja la huko juu, na mtu mmoja wa kukisoma wakati wa masika na vuli, ni gharama ndogo kuliko mahema ya msimu mmoja.

Fedha nazo zina kisa chake. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, utumike kwa hitaji la haraka ambalo halikutarajiwa. Mafuriko ya Umba yanatarajiwa na kila mtoto wa Kiwegu. Kwa hiyo kituo kilichoinuliwa cha kukimbilia, chenye vyoo na tangi la maji, ili watu wasilale madarasani na wanafunzi wasikose masomo, kisingoje mfuko wa dharura. Kiandikwe kwenye bajeti ya kawaida, pamoja na barabara na zahanati. Mjumbe wa bunge la kaunti atakayelisimamia hilo hatapata picha nyingi za kugawa mablanketi, lakini wapiga kura wake watakuwa wakavu.

Na wewe msomaji mwenye nyumba bondeni, iwe Tana, Budalang'i au Rufiji, chora mstari ukutani leo, weka vyeti kwenye nailoni, mjue nani anambeba nani. Hayo hayahitaji serikali. Yanayohitaji serikali ni machache, na kwa Vanga la kwanza ni hili: masika yajayo ofisi ya Moshi iipigie simu ofisi ya Kwale kabla muuza kabichi hajafanya hivyo.